Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle: Padre Aliyeketi Meza Moja na Walimu



Kila mwaka tarehe 7 Aprili Kanisa linamkumbuka Mtakatifu Yohane Baptista de La Salle, Padre. Kwa bahati mbaya tarehe hiyo mara nyingi huangukia Kwaresima, Juma Kuu au Oktava ya Pasaka, hivyo kumbukumbu yake hupita kimya. Wengi wetu tunamjua kwa jina tu, na kwamba ni msimamizi wa walimu. Lakini sisi mafrateri tuliofundisha katika shule za parokia wakati wa mwaka wa kichungaji tuna sababu ya ziada ya kusoma maisha yake. Mmoja wetu alikaa katika shule iliyokuwa na mpango mzuri wa miaka mitano wa kuinua taaluma, umechapwa vizuri na kubandikwa ukutani ofisini. Kabla muhula wa pili haujaisha walimu watatu walikuwa wameondoka, na mpango ulibaki ukutani. De La Salle alikutana na tatizo hilohilo miaka zaidi ya 300 iliyopita, na alilishughulikia kwa namna ambayo hata ndugu zake wa damu waliiona kuwa ni wazimu.

Alizaliwa Reims, Ufaransa, tarehe 30 Aprili 1651, mtoto wa kwanza wa Louis de La Salle, mwanasheria katika mahakama ya mfalme, na Nicolle Moët. Ilikuwa familia yenye nyumba kubwa, watumishi, na jina linaloheshimika mjini. Alipokea tonsura akiwa anakaribia miaka 11, na akiwa na miaka 15 tu alipewa cheo cha kanoni wa Kanisa Kuu la Reims, lile ambamo wafalme wa Ufaransa walikuwa wakipakwa mafuta. Cheo hicho kilikuwa na kiti chake cha heshima kwaya, sala za pamoja kila siku, na kipato cha uhakika. Mwaka 1670 aliingia Seminari ya Saint-Sulpice huko Paris. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, na Aprili 1672 baba yake naye akafariki. Kijana ambaye hajatimiza miaka 21 akaacha seminari, akarudi nyumbani kusimamia mirathi na kulea wadogo zake. Masomo aliendelea nayo polepole mjini kwao, na alipata upadrisho tarehe 9 Aprili 1678.

Mpaka hapo hakuna dalili yoyote ya shule. Mlezi wake wa kiroho, kanoni Nicolas Roland, alikuwa ameanzisha shirika la masista la kufundisha wasichana maskini, na alipokaribia kufa alimwachia de La Salle kazi ya kulipatia shirika hilo kibali cha serikali. Aliifanya kama mtu anavyotimiza wosia, kwa uaminifu, lakini bila kusudi la kuifanya kazi ya maisha yake.

Mwaka 1679 alifika Reims mtu mmoja mlei kutoka Rouen, Adrien Nyel, mwenye umri mkubwa na ari nyingi. Alikuwa ametumwa na mama mmoja tajiri mwenye asili ya Reims kufungua shule ya bure kwa wavulana maskini. Wawili hao walikutana mlangoni kwa masista. De La Salle alimkaribisha nyumbani kwake, akamtafutia paroko aliyekubali kuipokea shule, na Aprili mwaka huohuo shule ya kwanza ikafunguliwa katika parokia ya Saint-Maurice. Miezi michache baadaye ikaja ya pili, parokia ya Saint-Jacques. Kanoni wetu alidhani msaada wake umekwisha.

Ni vizuri tueleze shule za maskini za wakati ule zilivyokuwa. Mwalimu alikuwa mara nyingi mtu aliyekosa kazi nyingine, anayejua kusoma kidogo kuliko inavyotakiwa. Chumba kimejaa watoto wa umri mbalimbali. Mwalimu humwita mmoja mmoja mezani, humsomesha dakika chache, humrudisha. Wengine wote katika muda huo hucheza, hupigana au husinzia. Utulivu uliletwa kwa fimbo. Kusoma kulianza na Kilatini, lugha ambayo mtoto wa mfinyanzi wala mama yake hawakuisema. Mtoto alikaa mwaka mmoja au miwili, kisha baba yake akamtoa akafanye kazi, naye akaondoka bila kujua kusoma Kilatini wala Kifaransa. Na mwalimu mwenyewe, akipata kazi yenye malipo bora, huaga.

Nyel alikuwa hodari wa kufungua shule. Kuzitunza ilikuwa shida. Shule moja ilipoanza kusimama, moyo wake ulikuwa tayari mji mwingine: Rethel, Guise, Laon. Walimu aliowaacha nyuma walikuwa vijana wasio na msimamizi, wanaokula ovyo, wanaoingia darasani kila mmoja na utaratibu wake. De La Salle aliliona hilo, akafanya jambo dogo. Kuelekea Noeli ya 1679 aliwapangia walimu nyumba karibu na kwake, wakawa na saa ya kuamka, ya kusali na ya kula. Shule zikapata nafuu kidogo. Mwaka uliofuata akaanza kuwakaribisha kwake wakati wa chakula.

Hapa ndipo penye moyo wa habari yake. Miaka mingi baadaye yeye mwenyewe aliandika bila kujificha kwamba hapo mwanzo aliwahesabu walimu hao kuwa chini ya mtumishi wake wa ndani, na kwamba wazo tu la kuishi nao lilimchukiza. Aliandika pia kwamba kama angejua tangu mwanzo wapi kazi ile ingemfikisha, asingeigusa hata kidogo; ila Mungu alimwongoza hatua kwa hatua, ahadi moja ikizaa nyingine, bila yeye kuona mwisho wa njia. Tukumbuke kwamba Ufaransa ya wakati ule kanoni na mwalimu wa shule ya maskini hawakuketi meza moja. Na kanoni huyu alikuwa na daktari wa teolojia aliyoipata mwaka 1680. Hata hivyo, aliona kuwa walimu wale hawatakuwa watu wengine kwa kuandikiwa kanuni. Wangebadilika kwa kuishi karibu na mtu anayewajali. Tarehe 24 Juni 1681 akawahamishia nyumbani kwake.

Ukoo ulikuja juu. Ilikuwa aibu kwamba watoto wa mheshimiwa Louis wanalelewa nyumba moja na watu wa namna ile, na jamaa wakawachukua baadhi ya wadogo zake. De La Salle aliumia, kwa kuwa aliacha seminari kwa ajili ya watoto hao. Lakini hakuwatoa walimu. Mwaka mmoja baadaye, 24 Juni 1682, ni yeye aliyehama: aliacha nyumba ya baba yake akaenda kuishi na walimu katika nyumba ya kupanga, mtaa wa watu wa kawaida.

Tusidhani mambo yalinyooka papo hapo. Karibu walimu wote wa kwanza waliondoka, kwa sababu maisha ya utaratibu yaliwachosha. Wakaja wengine, waliokuwa na wito na kipaji zaidi. Nao wakaanza kuuliza swali gumu: tukizeeka, au shule zikifungwa, tutaishi vipi? De La Salle akawahubiria juu ya kumtegemea Mungu, ndege wa angani na maua ya kondeni. Walimu wakamjibu bila kuuma maneno. Yeye ana cheo cha kanoni na urithi wa baba yake, walisema, hivyo shule zikianguka yeye atabaki amesimama na wao watakuwa ombaomba.

Wangapi kati yetu tungekasirika? Yeye alinyamaza, akaenda Paris kuomba shauri kwa padre Nicolas Barré, mtawa aliyekuwa na uzoefu na shule za maskini. Wazo la de La Salle lilikuwa la busara: kuweka mali yake iwe mfuko wa kuendeshea shule. Barré alimshauri kinyume. Shule zisijengwe juu ya mfuko, na yeye aachane na vyote. Mwaka 1683 alijiuzulu ukanoni. Watu walitegemea atamwachia cheo mdogo wake aliyekuwa akielekea upadre, kama ilivyokuwa desturi. Akampa padre mmoja maskini. Njaa ilipolikumba eneo lile, aligawa karibu urithi wake wote kwa kununua mkate wa maskini, wakiwemo watoto wa shule.

Tukiri kwamba hapo sisi tungemshauri vingine. Mhasibu yeyote wa jimbo angemwambia aweke akiba kwanza. Lakini baada ya siku ile hakuna mwalimu aliyeweza tena kumwambia kwamba anaongea akiwa ameshiba. Hoja yao ilikwisha, na shule zikaanza kuwa na watu wasioondoka. Mwaka 1686 yeye na wenzake 12 waliweka nadhiri ya utii. Wakajiita Ndugu wa Shule za Kikristo, wakavaa kanzu nyeusi na joho zito la watu wa shamba, viatu vizito, kofia pana. Mjini watoto wa mitaani waliwazomea.

Sasa twende darasani, maana huko ndiko kuna utajiri mkubwa na wengi hawakujui.

Mabruda waliwapanga watoto kwa kiwango cha kusoma. Waanzilishi walitazama chati ya herufi ukutani, kisha chati ya silabi, kisha kitabu cha silabi, na kuendelea hivyo hatua kwa hatua. Kila kundi lilikuwa na kitabu kimoja kwa wote. Mtoto mmoja anaposoma kwa sauti, wenzake wa kundi lile hufuata kimoyomoyo mstari uleule, kwa kuwa hakuna ajuaye nani ataitwa baada yake. Kwa utaratibu huo mwalimu aliweza kufundisha watoto wengi kwa wakati mmoja. Hakuwa wa kwanza duniani kufikiri hivyo, lakini ni yeye na Mabruda wake walioufanya ukawa utaratibu wa kila siku katika shule nyingi.

Mwalimu aliongea kidogo sana. Mkononi alikuwa na kidude kidogo kilichotoa mlio mfupi. Kwa mlio na ishara za mkono alimwanzisha msomaji, akamsimamisha, au akamrudisha kwenye neno alilokosea. Tulipolisoma hili mara ya kwanza tulicheka. Baadaye tulikumbuka sauti zetu zilivyokauka kila Ijumaa huko shuleni kwa kupiga kelele za kuwanyamazisha wanaopiga kelele.

Kila mwisho wa mwezi msimamizi wa shule aliwapima watoto kabla ya kuwapandisha. Asiyeweza hakupandishwa hata mzazi akiomba, na anayeweza hakuzuiliwa hata kama mwalimu anapenda kubaki naye. Mtoto alipoandikishwa, daftari lilichukua jina la mzazi, mtaa, kazi ya baba, na tabia za mtoto. Mwisho wa mwaka mwalimu alimwandikia mwenzake atakayepokea darasa maelezo mafupi ya kila mtoto: hulka yake, bidii yake, mahudhurio yake na sababu za kukosa.

Kuhusu utoro, walikaa chini wakachambua chanzo badala ya kulaumu tu. Wapo watoto wanaokosa kwa wepesi wa akili, wapo wanaozuiwa na wazazi kwa sababu ya kazi au umaskini, na wapo wanaokosa kwa sababu mwalimu mwenyewe hapendezi: mkali kupita kiasi, au hajui kuwavuta. Sababu hii ya mwisho waliiandika waziwazi, na tunadhani si kila shule ya leo ingethubutu. Wanafunzi wachache walioaminiwa walipewa jukumu la kuwatembelea wenzao wa mtaa wao waliokosa darasa, kuwajulia hali na kuleta taarifa. Wengine walikuwa watunza ufunguo, wapiga kengele, wafagizi. Kifungua kinywa walikula hukohuko darasani chini ya uangalizi, wakijifunza adabu, na aliyekuwa na mkate wa ziada aliuweka kikapuni wapewe wasio na kitu.

Fimbo haikufutwa. Hatupendi kumpamba mtakatifu kwa jambo ambalo hakulifanya. Alikuwa mtu wa karne ya 17, na adhabu za viboko zimo katika utaratibu wake. Ila alizifungia ndani ya uzio wa masharti mengi kiasi kwamba mwalimu aliyeyafuata alichapa mara chache sana: adhabu iwe ya haki, ya kiasi, ya upendo, itolewe kwa utulivu, na kamwe isitolewe na mtu mwenye hasira. Kupiga kwa mkono au teke, kuvuta masikio au nywele, na kumwita mtoto majina ya kumdhalilisha, vyote vilikatazwa.

Masomo yenyewe yalilenga maisha ambayo watoto wale wangeishi. Baada ya kusoma maandishi ya chapa walisoma nyaraka za mkono, zile za mahakamani na za mikataba, kisha wakajifunza kuandika stakabadhi, hati za pango, hesabu ya kazi ya fundi. Mtoto wa maskini akitoka hapo hadanganyiki kwa karatasi.

Na kusoma kulianza na Kifaransa. Kilatini kilikuja mwishoni, kwa wale waliokwisha kusoma Kifaransa vizuri. Askofu wa Chartres, Paul Godet des Marais, aliyewahi kusoma naye Saint-Sulpice na aliyezipenda shule zake, alitaka Kilatini kianze, kama zamani. De La Salle hakumpinga kwa maneno makali. Alimwandalia hoja moja baada ya nyingine: kwamba mtoto husoma haraka lugha anayoielewa, kwamba mtoto wa maskini hukaa shuleni muda mfupi, na akianza na Kilatini ataondoka mikono mitupu, kwamba anayejua kusoma Kifaransa hujifunza Kilatini kwa wepesi, ilhali kinyume chake si hivyo. Askofu akaelewa. Wasomaji wetu wataona wenyewe jinsi hoja hizo zinavyofanana na mjadala wa lugha ya kufundishia hapa kwetu.

Utaratibu huu haukutoka kichwani mwa padre mmoja. Uliandikwa polepole, ukasambazwa kwa nakala za mkono kutoka nyumba hadi nyumba, ukajaribiwa madarasani, ukasahihishwa. Mabruda wazoefu walikutana na de La Salle wakajadili lipi linafanya kazi na lipi halifanyi, na kilichobaki kitabuni ni kile kilichokwisha kuzaa matunda kwa miaka kadhaa. Bruda mpya hakuachiwa darasa peke yake. Alikaa na mzoefu aliyemwondolea makosa ya walimu wachanga, na kosa la kwanza katika orodha lilikuwa hamu ya kuongea mno.

Mwaka 1688 de La Salle aliitwa Paris kushika shule ya parokia ya Saint-Sulpice, na huko ndiko alikoonja uchungu. Chama cha walimu wa mwandiko, waliokuwa na haki ya kufundisha kwa ada, kilimshitaki zaidi ya mara moja. Sheria iliruhusu shule za hisani kupokea maskini waliothibitishwa tu. Mabruda hawakuuliza mtoto hati ya umaskini. Walimpokea kila aliyekuja, bure. Watoto wa wenye uwezo kidogo nao wakaja, maana shule zilikuwa bora, na walimu wa ada wakapoteza wateja. Mwaka 1704 vifaa vya shule vilikamatwa na de La Salle akatozwa faini.

Pigo kubwa lilitangulia hilo. Alikuwa amemwandaa Bruda mmoja, Henri L'Heureux, asomee upadre na kushika uongozi baada yake. Mwaka 1690, de La Salle akiwa Reims, Bruda huyo akaugua na kufariki. Aliporudi Paris akakuta ameshazikwa. Alilia sana. Kisha, baada ya kusali, akafikia uamuzi ambao shirika limekaa nao: Mabruda wasiwe mapadre. Kama baadhi wangekuwa mapadre na wengine walimu, ualimu ungebaki tena kazi ya daraja la chini ndani ya nyumba yao wenyewe. Kwa sisi tunaojiandaa kwa upadre, uamuzi huu wa padre mwenzetu unastahili kutafakariwa taratibu.

Wakati huo Mabruda wengi walikuwa wamekata tamaa na kuondoka, na wapya hawakuja. Tarehe 21 Novemba 1691 de La Salle na Mabruda wawili, Nicolas Vuyart na Gabriel Drolin, waliweka nadhiri ya siri ya kuendelea na kazi ile pamoja, hata kama watabaki watatu tu, hata kama itawapasa kuomba na kula mkate mtupu. Vuyart baadaye aliondoka. Drolin alitumwa Roma mwaka 1702, akaishi huko miaka mingi peke yake bila kuacha.

Mambo mengine yalishindikana kabisa, nasi tunayataja. Mwaka 1699 alianzisha Paris shule ya Jumapili kwa vijana wafanyakazi walio chini ya miaka 20, wakifundishwa kusoma, hesabu, jiometri na uchoraji. Ilivuma. Kisha Mabruda waliofunzwa uchoraji wakaona wanaweza kupata fedha nzuri mahali pengine, wakaondoka, na shule ikafa. Vilevile alifungua vyuo vya kuandaa walimu walei wa vijijini, kwa kuwa Mabruda walikwenda wawili au zaidi na kijiji kidogo hakikuweza kuwalisha. Ni kati ya vyuo vya kwanza vya ualimu Ulaya. Alijaribu zaidi ya mara moja, na kila mara chuo kilikufa baada ya muda.

Chuo kimojawapo karibu kimwangamize mwenyewe. Kijana mmoja tajiri, abate Clément, alijitolea kukigharimia, lakini hakuwa ametimiza umri wa kisheria wa kuingia mkataba. Baba yake alipokataa, de La Salle akashitakiwa kwamba amemlaghai mtoto. Mwaka 1712 hukumu ilimwangukia, na kabla ya hapo yeye alikwisha kuelekea kusini. Huko Marseille nako mambo yakaharibika. Akaanza kuamini kwamba yeye ndiye kikwazo cha kazi aliyoianzisha, na kwamba ingekuwa heri akijitenga. Katika mji wa Grenoble alimtuma Bruda mmoja safari, na yeye mwenyewe, mzee wa miaka zaidi ya 60 mwenye magoti yaliyojaa baridi yabisi, akashika darasa lake la watoto wadogo, akiwafundisha herufi na kuwapeleka Misani. Kisha akapanda kilima cha Parménie akakaa katika utulivu wa sala.

Huko ndiko barua ya Mabruda wa Paris ya tarehe 1 Aprili 1714 ilikomfikia. Walimwandikia kwa heshima yote, lakini mwishoni walimwamuru, kwa nguvu ya utii alioahidi kwa jumuiya, arudi mara moja kuongoza. Wale ambao miaka 30 kabla alikuwa akiwahesabu chini ya mtumishi wake sasa walimwamuru yeye. Alishangaa, akatii. Agosti alibisha hodi Paris, akawaambia amefika na akawauliza wanataka afanye nini.

Alichotaka yeye kilikuwa kupumzika uongozi. Mwaka 1717 Mabruda walimchagua Bruda Barthélemy kuwa mkuu, na de La Salle akahamia nyumba ya Saint-Yon, Rouen, akiomba ruhusa kwa mkuu mpya kwa kila jambo dogo. Alikuwa pia akiungamisha na kuwafundisha manovisi kusali. Hata mwisho wake haukuwa wa amani kabisa: kulikuwa na ugomvi na paroko wa hapo juu ya Mabruda na wanafunzi kuhudhuria parokiani, na siku chache kabla ya kifo chake mamlaka ya jimbo yakamnyima ruhusa za kipadre. Alifariki alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719.

Aliacha Mabruda kama 100 katika miji zaidi ya 20. Papa Benedikto XIII alilithibitisha shirika mwaka 1725, Papa Leo XIII alimtangaza mtakatifu tarehe 24 Mei 1900, na Papa Pius XII alimfanya msimamizi wa walimu wote mwaka 1950.

Kitabu cha utaratibu wa shule kilichapwa kwa mara ya kwanza Avignon mwaka 1720, mwaka mmoja baada ya mazishi yake. Mpaka wakati huo kilikuwa kimetumika kwa miaka mingi kikiwa maandishi ya mkono tu, kikinakiliwa na Mabruda jioni baada ya vipindi. Nakala moja ya mkono ya mwaka 1706 ipo hadi leo katika Maktaba ya Taifa ya Ufaransa jijini Paris.